Kisima Nilikitengeneza Mimi, Sasa Napimiwa Ndoo Mbili

Admin, jina langu lisionekane popote. Ukoo wa mume wangu karibu wote wanasoma ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mtumishi wa serikali, ndoa yangu ina miaka kumi na minne. Naandika nikiwa na hasira, nikikosea maneno mnivumilie.

Tulikuwa tunaishi Masasi. Mwaka jana nikahamishiwa Newala. Mume wangu, nimwite Baba Fadhili, alibaki Masasi kwenye shughuli zake, mimi nikaja na mama yangu mzazi. Mama amepooza upande mmoja, hawezi kujipeleka chooni. Kila siku aogeshwe, kila siku nifue mashuka. Kwa hiyo nilipotafuta nyumba sikuangalia vigae wala madirisha ya alumini, niliangalia maji. Anayeijua Newala ananielewa. Bomba hutoka siku likipenda, ndiyo maana nyumba nyingi za huku zina kisima uani, shimo kubwa la saruji linalopokea mvua kutoka kwenye bati, mnachota humo kiangazi chote.

Nilipata nyumba mbili. Moja mpya, karibu na soko, haina kisima ila ina matangi mawili. Mwenyewe, mzee mstaafu, aliniambia ukweli, "Mwanangu, matangi yakiisha tunahangaika wote." Ya pili ni ya zamani, ya shangazi yake mume wangu. Ina kisima kikubwa, lakini kilikuwa kikavu, kina nyufa za kuingiza kiganja. Roho yangu ilitaka ile ya matangi. Baba Fadhili ndiye aliyenishikia bango. "Mama Fadhili, utaiachaje nyumba ya shangazi yangu ukapange kwa mtu baki? Ukiziba nyufa za kile kisima, mama yako hatakosa maji tena." Nikamwamini. Mume wangu, nisimwamini nimwamini nani?

Kabla ya mvua nilimwita fundi. Jamani, niliingia mle ndani mwenyewe kwa ngazi. Nilisugua ukoga, nikatoa vyura waliokauka, nikampa fundi saruji naye akapiga lipu. Nikabadilisha magata yote ya kuleta mvua kutoka kwenye bati, yalikuwa yametoboka. Shangazi alikuwa anapita kutoka nyumbani kwake, nyumba ya tatu tu, ananipigia makofi. "Marahaba mwanangu, umeolewa na mwanamume mwenye bahati." Mvua ikanyesha, kisima kikajaa mpaka juu. Siku ile nilifunua mfuniko nikatazama maji yangu, nikalia kwa furaha.

Mwezi wa sita nikarudi kutoka kazini nikakuta kufuli kwenye mfuniko.

Nilidhani ni wezi wa maji wamedhibitiwa. Nikaenda kwa shangazi nikapiga magoti, shikamoo, nikamuuliza. Akajibu huku anapeta mchele wake, hata hakuinua uso. "Wajukuu zangu wako jandoni. Wakitoka kuna ngoma, wageni watakuja kutoka hata Chilangala, watakunywa nini? Mimi nilikupangisha vyumba, mama. Kisima ni cha ukoo."

Nikamwambia, "Shangazi, kisima hiki kilikuwa kikavu, nimekitengeneza mimi." Akacheka. Akasema, "Ndiyo, najua. Nilimwambia mumeo tangu mwaka jana kwamba kisima kinavuja na mwaka huu nina ngoma. Akaniambia nisihangaike na fundi, mkewe anahamia, atakitengeneza."

Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya moto. Nikampigia simu Baba Fadhili palepale uani. Hakukana! Alinijibu kwa upole, "Sasa ningekwambia, ungekubali kuichukua hiyo nyumba?" Mnaona kiburi hicho? Mtu amekaa na mimi meza moja, ananichagulia nyumba, kumbe anamtafutia shangazi yake kibarua wa bure.

Tangu siku hiyo shangazi anakuja asubuhi, anafungua, ananipimia ndoo mbili, anafunga, ufunguo anautia kwenye pindo la khanga. Ndoo mbili za kupika, kuoga, choo, na mashuka ya mgonjwa. Madumu ya kununua nanunua nikiyapata, na kiangazi hiki kila mtu anayagombania. Mimi mwanamke mzima nasimama mbele ya kisima nilichokisugua kwa mikono yangu, nasema asante shangazi. Nasema asante! Nikikumbuka natamani kuchukua shoka.

Yule mzee wa matangi nilikutana naye wiki iliyopita, akasema nyumba yake bado iko wazi. Nikamwambia mume wangu nahama. Akafoka, "Ukihama kabla ya ngoma umenivua nguo mbele ya ukoo wangu. Ukitoka kwenye nyumba ile, umetoka na kwangu." Ndoa ya miaka kumi na minne, na watoto watatu walioko shule huko Masasi.

Nilikuwa nimeanza kurudi nyuma. Nikasema nivumilie, ngoma itapita. Lakini jana nimerudi kutoka kazini nikamkuta mama midomo imepasuka, ulimi mkavu. Kikombe cha asubuhi kipo vilevile, kimejaa. Nikamuuliza, "Mama, mbona hunywi?" Akageuza uso ukutani. Nikamng'ang'ania mpaka akasema, "Nikinywa nitakojoa, mwanangu. Ukifua mashuka, maji yako yataisha, yule shangazi wa mumeo atakusema."

Siku ngapi amekaa hivyo, sijui. Amekataa kuniambia.

Msiniambie habari za subira, nimeshaila ya kutosha. Wenye ndoa, wenye wazazi wagonjwa, wenyeji wa huku mnaozijua ngoma zetu, semeni na mimi kama dada yenu. Nivunje lile kufuli na ndoa ivunjike hapohapo, nimbebe mama tuhamie kwenye matangi, au kuna njia ya tatu ambayo hasira hainiachi niione? Jibuni upesi. Mama yangu ana kiu.