Prosesa Ambayo Hakuna Aliyeichagua

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa brashi ya rangi. Nilikuwa na stashahada ya kompyuta kwenye bahasha, na kampuni ilikuwa ghorofani pale Keko, juu ya karakana ya makabati. Vumbi la mbao lilipanda mpaka ndani ya mashine zetu. Mkuu wa Kitengo cha Majaribio akanionyesha kwa kidole feni za mashine. "Anza na hizo, Mwanaidi. Mambo ya programu utayakuta mbele." Nilisafisha feni miezi miwili. Wanaume walioajiriwa siku moja na mie hawakuishika ile brashi hata mara moja. Nayasema haya mapema msije mkadhani hasira zangu ni za uzee.

Kampuni ilitengeneza visanduku vya kuchunga majokofu ya chanjo. Kisanduku kinapima joto la jokofu, kinaonyesha nyuzi kwenye kioo, na joto likipanda kinalia. Ndani yake mna prosesa, ile chipu inayotekeleza amri za programu. Prosesa hizo zilikuwa tofauti kabisa na za kompyuta zetu za mezani, kwa hiyo programu tulizijaribu ndani ya kiigizi, yaani programu inayoifanya kompyuta moja ijifanye kompyuta ya aina nyingine. Unakitajia modeli ya prosesa, nacho kinaiigiza. Usipotaja, kinachukua modeli waliyoiweka watunzi wake. Hiyo ndiyo inaitwa chaguo-msingi.

Nilipopewa dawati la majaribio niligundua kwamba hakuna mtu anayetaja modeli. Chaguo-msingi la kiigizi chetu lilikuwa prosesa mpya, yenye amri ambazo chipu zetu kongwe hazikuwa nazo. Nikaenda kwa Mkuu wa Kitengo.

"Mzee, tunaijaribu programu kwenye mashine ambayo sie hatuna."

"Waliotunga kiigizi wanajua kuliko mie na wewe. Wakiweka kitu wana sababu."

"Sababu zao, mzee. Kisanduku chetu hawajakiona."

"Acha ilivyo. Ukianza kutaja modeli, majaribio yote yarudiwe. Nani atamweleza Mkurugenzi?"

Nikamwandikia Mkuu wa Kitengo barua. Kisha nikaandika nyingine. Baada ya ya tatu nikahamishiwa Ubungo, kwenye chumba cha matengenezo, kufungua na kufunga visanduku vibovu.

Nikiwa huko likatoka toleo jipya la programu. Mtunzi wake alitaka kupata wastani wa joto kila baada ya dakika chache, akatumia amri ya kugawanya namba iliyomo kwenye prosesa mpya. Kwenye kiigizi programu ikapita bila kasoro, ikasambazwa. Chipu kongwe ikikutana na amri isiyoijua, programu inasimama palepale, kioo kinabaki na namba ya mwisho, wala kisanduku hakilii hata joto likipanda.

Kwenye zahanati moja ya Temeke alikuwepo muuguzi anaitwa Sista Editha, mwenyeji wa Songea. Jokofu lake liliharibika Jumatatu. Kioo kilionyesha nyuzi nne asubuhi, nyuzi nne jioni, na kesho yake hivyo hivyo, naye akaandika kwenye chati alichokiona, kama alivyofundishwa. Jumatano akashika kichupa cha chanjo, akakikuta vuguvugu. Ni yeye aliyefunga chumba cha chanjo na kuwapigia simu wakubwa zake. Ni yeye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwatafuta akina mama ambao watoto wao walikuwa wamechomwa dawa iliyoharibika. Mama mmoja alimfungia mlango usoni.

Kwa kuusema ukweli huo akasimamishwa kazi. Wakubwa zake walidai amepika namba za kwenye chati. Kampuni yetu nayo ikatoa ripoti kwamba kifaa kilifaulu majaribio yote.

Kisanduku chake kikaletwa mezani kwangu Ubungo. Nilipokiwasha na kukiacha kidogo, namba ikaganda. Nikafungua kiigizi na kuendesha programu ile ile mara mbili, kwanza bila kutaja modeli, kisha kwa kutaja modeli ya chipu yetu. Ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili ikafa. Nikampelekea Meneja Ufundi matokeo.

"Ukilisema hili, Bi Mwanaidi, kampuni itachafuka."

"Sista wa watu yuko nyumbani, anaitwa mwongo."

"Huyo atapata kazi kwingine."

Nilibeba kompyuta yangu hadi Kinondoni, kwenye kamati iliyokuwa ikimchunguza Editha, nikawaonyesha mbele yake. Mwenyekiti akauliza, "Hii prosesa ya majaribio aliichagua nani?"

"Hakuna, mheshimiwa."

"Hakuna vipi?"

"Iliachwa ilivyokuja."

Editha alijifunika uso kwa kanga akalia bila sauti. Akarudishwa kazini, ila kituo kingine. Hakuna aliyemwomba radhi. Mkuu wa Kitengo akapandishwa cheo, na mie nikabaki Ubungo mpaka alipokuja Mkurugenzi mwingine, akanikabidhi majaribio yote.

Siku hiyo hiyo nililiondoa chaguo-msingi. Kiigizi chetu kikawa hakiwaki mpaka utaje modeli. Vijana wakalalamika, "Mama, inachosha hii!" Ichoshe. Anayejifunza nyumbani awekewe modeli yoyote, haidhuru. Ila programu inayokwenda kulinda watoto, ulizia chipu iliyomo, kisha uandike jina lake kwa mkono wako.

Sasa nimestaafu, naishi kwa binti yangu Mbweni. Juzi juzi Editha naye alistaafu, akanipigia simu, tukaenda pamoja ofisi ya waajiri wake kufuata faili lake. Karani, kijana mwenye adabu, akatuamkia na kugeuza skrini tuione. Kwenye sababu ya kusimamishwa kulikuwa na maneno "uzembe wa mtumishi".

"Nani kaandika hivyo?" nikauliza.

"Hakuna, mama. Usipojaza sababu, mfumo unaweka hiyo wenyewe."

Miaka yote hiyo! Editha alikuwa amekaa, mkoba mapajani. Nikamwambia yule karani sinyanyuki. Akasema mpaka aombe ruhusa. Nikamwambia aiombe nikiwa nimekaa hapo hapo. Akapiga simu moja, akapiga ya pili, akatoka, akarudi. Kisha akafuta yale maneno na kuuliza aandike nini. Editha akamtajia mwenyewe, neno kwa neno, kifaa kilichosimama na muuguzi aliyetoa taarifa, naye akachapa mpaka mwisho.

Kabla karani hajahifadhi, Editha akamwambia asome kwa sauti.