Siku greda la manispaa lilipokuta turubai la msiba katikati ya barabara yetu

Wakuu salaam. Wakubwa zangu shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Najua humu jukwaani kuna watu kazi yao ni kunusa chai, yaani stori za kutunga. Nuseni mtakavyo, hapa hamkuti hata jani. Mke wangu kausoma huu uzi kabla sijaupandisha, na yeye ndo shahidi namba moja. Tena ndo aliyeniponza.

Twende kazi.

Mie nakaa huku Madale, kule juu vilimani, ambako dalali akitaka kukuuzia kiwanja anakuleta kiangazi. Masika ndo unaijua barabara yako. Yetu ilikuwa imechimbika katikati mpaka bajaji zikawa zinatushusha chini dukani kwa Mangi, kutoka hapo kila mtu na miguu yake.

Mgonjwa anabebwa. Sementi inabebwa. Mama mkwe alipokuja kutusalimia alibebwa pia, na mpaka leo hataki tulizungumzie.

Sasa mtaa ukaitisha mkutano wa kuunda kamati ya barabara. Mie sikwenda, nilikuwa kwenye mihangaiko yangu Mwenge. Kumbe huku kwetu ukikosa mkutano ndo unachaguliwa. Narudi jioni, naambiwa hongera katibu.

Katibu wa nini? Wa kufuatilia greda.

Wakuu, kufuatilia greda la manispaa kunataka imani. Ukiuliza unaambiwa liko Boko. Ukifika Boko unaambiwa limeondoka sasa hivi, limeharibikia njiani. Ukienda lilipoharibikia unakuta alama za tairi tu. Nilipiga simu ofisi ya manispaa mpaka dada wa mapokezi akawa ananiulizia watoto kwa majina.

Hatimaye tukapewa siku. Siku moja tu. Likimaliza kwetu linahamia mtaa mwingine, na baada ya hapo tusahau mpaka masika yaishe. Na mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika huko juu, yaani likitupita hilo, tumekwisha.

Asubuhi ya siku hiyo nikalisikia linapanda mlima. Jamani ule mngurumo! Watoto wanakimbia nyuma yake, wamama wametoka na kanga viunoni, mie nimevaa na shati la kuchomekea kabisa, natangulia mbele kama mgeni rasmi.

Tukakata kona.

Nikaona maturubai mawili, la bluu na la njano, yamefungwa kutoka ukuta huu mpaka ukuta ule. Chini yake viti vya plastiki, wazee wamekaa, masufuria yako kwenye mafiga, moshi unafuka. Katikati ya barabara.

Ulikuwa msiba wa jirani yangu, Mama Kihwelo, mjane, mama wa watu kabisa. Alipozidiwa tulimshusha mlima wenyewe kwa zamu, akafia hospitali. Mwili ulikuwa utoke mochwari mchana, uletwe nyumbani kuagwa, halafu kanisani na makaburini. Familia ilikuwa imeshapanga vijana wa kupandisha jeneza mabegani kutoka kwa Mangi.

Mnaniuliza, hukujua kuna msiba jirani yako? Nilijua, na rambirambi nilitoa. Nilipotoka alfajiri kwenda kulipokea greda, watu walikuwa wamekaa uani. Uani pakajaa, wakahamia barabarani. Na kibali cha kufunga barabara walikuwa nacho, kimegongwa mhuri na ofisi ya mtaa. Ofisi hiyohiyo iliyogonga mhuri ratiba ya greda. Siku hiyohiyo. Sitaki kusema mengi.

Dereva wa greda akazima injini. Akashuka taratibu, akawapa pole wafiwa, akanawa mikono.

Wakuu, akala.

"Mie mchana naondoka," akaniambia huku anakata tonge. "Njia ikiwa wazi nitachonga, isipokuwa wazi mtanisamehe."

Nikamkimbilia Mwenyekiti wa mtaa. Huyu bwana ni mtu wa kofia ya kiua na udi, Kiswahili anakivuta, na ukimuuliza kwao ni wapi anakujibu, "Sisi watu wa pwani bwana." Akaja, akakohoa, akaanza hotuba ya maendeleo.

Hakufika mbali. Akasimama Mzee Kalinga, kaka wa marehemu, ametoka Iringa, mzee mrefu ana koti zito kwenye joto hili la Dar.

"Mwenyekiti, dada yangu hajazikwa. Kushusha turubai kabla ya maziko ni kuanua matanga na maiti iko nje. Kwenu mnafanya hivyo? Mnataka tuzike mwingine?"

Mwenyekiti akarekebisha kofia akasema basi tumuachie Mungu.

Mie hapo machozi yananilengalenga, nawaambia ukweli. Nikiangalia juu mawingu, nikiangalia chini dereva anaongezwa mboga.

Sasa kwenye masufuria alikuwepo Mama Zawadi, yule mama ambaye hakuna shughuli mtaani inaiva bila yeye. Akasema huku anakoroga, wala hageuki:

"Msiba hauvunjwi na mfiwa, wala hauvunjwi na jirani. Ila mtani akiuvunja, hiyo fujo yake tu, haihesabiki. Wafiwa si Wahehe hawa? Tafuteni Mngoni."

Kwa wadogo zetu mliokulia kwenye simu: Wangoni na Wahehe ni watani tangu vita vya mababu. Msibani mtani ana ruhusa ya kufanya vituko vyote. Atalala kaburini, atadai alipwe, atakufichia jembe, na wewe mfiwa huruhusiwi kununa.

Nikajifanya nachezea simu.

Nasikia sauti ya mke wangu, inatoka kulekule jikoni, kwenye vitunguu: "Si huyo hapo Baba Neema! Mngoni wa kupigia mfano!"

Ndoa hii wakuu, acheni tu.

Watu wote wananiangalia mie. Na mie nimezaliwa Temeke, Kingoni nakijua cha kuombea maji. Utani nausikiaga kwa wajomba, nacheka nao, basi. Lakini ningefanyaje? Nikajikongoja mpaka mbele ya Mzee Kalinga, nikainama kwa adabu, nikasema:

"Shikamoo mzee. Samahani sana, naomba ning'oe hiyo nguzo."

Mama mmoja akaacha kumenya.

"Umesemaje?" akauliza mzee.

"Naomba ruhusa yako mzee, kama haitakuwa usumbufu..."

"Ameomba ruhusa!" Mzee akapiga makofi. "Jamani njooni mnione! Mngoni ameniomba ruhusa! Sasa mjinga wewe, nikikuruhusu, aliyevunja msiba ni nani? Si mimi? Umekuja kuniokoa au kuniua?"

Na kweli. Nilikuwa nimeharibu kila kitu kwa adabu aliyonifunza mama yangu.

Hata sijamaliza kuwaza, wamama wa Kihehe wameshanizunguka. Wakanifunga mikono kwa kanga kwenye nguzo ileile niliyoiombea ruhusa, wakanipaka sembe usoni, shati langu la kuchomekea likaishia hapo. Mzee Kalinga akatangaza kwamba mie ni mateka, na sitoki mpaka Wangoni wenzangu wa mtaa mzima waje kunikomboa. Akaongeza maneno kuhusu mababu zetu waliotoka kusini wakakimbia mpaka wakachoka, ndo wakaita pale walipochokea kwao. Na mie nikamjibu ya kwao. Yale ya mbwa siyaandiki humu, mods wataufuta uzi.

Wakaanza kujitokeza. Fundi mmoja mchonga vinyago, kumbe Mngoni. Mwalimu wa sekondari, Mngoni. Muuza mitumba, Mngoni. Miaka yote tunapishana tu, za asubuhi, nzuri.

Mwenyekiti akawa anarudi nyuma kidogokidogo.

"Na huyo mwenye kofia mnamuacha?" Alikuwa mke wake mwenyewe, amesimama na mwiko. "Mama mkwe wangu yuko Songea kwa Wangoni, na Kiswahili hakivuti hivyo!"

Jamani! Watu walianguka chini kwa kicheko. Wafiwa, waombolezaji, dereva wa greda anakohoa wali. Mtu wa pwani!

Mwenyekiti akavua kofia ya kiua, akaikunja, akaitia mfukoni. Na mie sijawahi kuona mtu anabadilika namna ile. Akatoa ukelele mmoja, sijui ulikuwa umejificha wapi tangu utoto, akairukia nguzo.

"Wahehe mmekaa kwenye barabara yetu! Tokeni! Tuliwachapa zamani na leo tunawachapa tena!"

Nguzo ikang'oka na mie niko nayo, kanga ikafunguka mikononi.

Maturubai yakashuka. Mzee Kalinga akanyanyua fimbo: "Hakuna Mhehe kusimama! Wametaka wenyewe, na watatubeba!"

Wakuu, tuliwabeba. Kila Mhehe na kiti chake. Kulikuwa na bibi mmoja, shangazi wa marehemu, amekunja miguu kwenye kiti, anajipepea kwa mtandio, anatuelekeza: kulia, kushoto, taratibu nyie watumwa wangu. Mie na Mwenyekiti tumemshika huku na huku, jasho na sembe vinatiririka.

Tukauliza tuwapeleke wapi. Mzee akaangaza macho, akaona geti langu liko wazi.

"Kwa mateka."

Kwangu kuna tuta moja la mchicha wa mke wangu, anaupenda kuliko mie. Masufuria yalitua juu yake yote. Nikamwangalia mke wangu, yule aliyenitaja mbele za watu. Alikuwa hacheki tena. Nilifarijika kidogo.

Basi greda likapita. Dereva tulimtoa kwenye sahani kwa kumvuta, anadai amalizie finyango. Lakini alipokaa kwenye kiti chake, kazi anaijua yule kijana. Makorongo yakafukiwa, kifusi kikasambazwa, akapanda mpaka juu akashuka tena. Vumbi likawa si la nchi hii, wamama wanafunika masufuria kwa kanga zao. Mchana akaondoka na chakula kwenye mfuko, amefungiwa na Mama Zawadi.

Ndo hapo tukasikia gari.

Vijana waliokuwa wamepangwa kubeba jeneza walikuwa chini kwa Mangi wanasubiri. Dereva wa gari la maiti alifika pale, akaangalia juu, akaona njia nyeupe imenyooka, akapandisha tu. Vijana wakawa wanalikimbilia nyuma mikono mitupu.

Lilikuwa gari la kwanza kufika kwenye geti la Mama Kihwelo tangu mvua ilipoichimba barabara.

Mzee Kalinga alikuwa amesimama getini kwa dada yake. Tangu asubuhi anapiga kelele, anatutukana, anacheka. Alipoliona lile gari linakuja mpaka nyumbani, fimbo ikamtoka mkononi. Akakaa chini kwenye kifusi kipya, na koti lake, akalia. Alilia kwa sauti, mzee mzima.

Hakuna aliyemsogelea. Mie nikaona watu wananiangalia. Halafu nikakumbuka, hii kazi ina mwenyewe. Mfiwa akizidiwa, mtani ndo anamnyanyua.

Safari hii sikumuuliza mtu.

Nikaenda mbele ya gari, nikajilaza chali katikati ya barabara, sembe bado iko usoni. Nikapaza sauti:

"Hii barabara ni ya Wangoni! Tumeifungua kwa jasho letu! Mhehe hapiti hapa bila kulipa, hata akiwa amekufa!"

Moyoni nasema leo nimekwisha, nitapigwa na ukoo mzima.

Mzee Kalinga akainua uso. Machozi yanamtoka, na kicheko kinamtoka, vyote kwa pamoja. Akanyanyuka, akajisogeza mpaka nilipolala, akapekua mfuko wa koti. Hakuwa na chenji. Akachomoa kitambaa chake cha kufutia machozi, kimelowa, akanitupia kifuani.

"Chukua malipo yako, Mngoni. Tupishe sasa. Dada yangu amechoka."

Nikapisha. Kile kitambaa nilikitumia hapohapo, maana na mie nilikuwa nimeshindwa kujizuia.

Tukamzika jioni ile, Wangoni ndo tuliofukia kaburi. Mvua ikanyesha usiku, barabara ikashika.

Nilichojifunza wakuu: serikali ya mtaa ina mihuri yake, ina kamati na sheria ndogo, sawa. Lakini kuna mambo huku uswahilini ofisi haiwezi kuyafungua, yanafunguliwa na mtu anayejua nafasi yake kwa mwenzake. Na ukiitwa kwenye nafasi hiyo, ingia mzima mzima, usilete unyenyekevu wa kuomba kazi.

La pili, usikose mkutano wa mtaa.

Haya, nawaachia ukumbi. Nani kashawahi kukombolewa na mtani, au kuadhiriwa naye? Na Wahehe mliomo humu najua mmeshaanza kuandika, tukaneni tu, nimekaa nawasubiri.