Keki ya Sukari ya Mti Iliyomwangusha Sajini

Mwaka wa 1981 nilikimbia miguu mitupu kutoka Chechelesi, mtaa wetu wa Isiolo, hadi gereji ya Arero, nikilia kwamba nimemwua mume wangu kwa keki.

Nilimkuta hai. Amelala chini ya lori, anapiga mluzi.

Hapo ndipo nilipokasirika.

Wengi mtasema hii ni hadithi ya kutunga. Haya, semeni. Mimi naitwa Deqa, nina miaka sitini na tisa, na mwenye kosa yuko hapa sebuleni anakunywa chai na kusikiliza redio. Nikikosea mahali atanirekebisha, maana hiyo ndiyo kazi yake siku hizi.

Twende pole pole.

Bwana yangu Shuriye alikuwa na lori. Leo yuko Kinna, kesho Biliqo, keshokutwa hujui. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na nne, mrefu, anapenda chai ya vijiko vitano.

Ndiyo, vitano. Nilihesabu.

Mwaka ule daktari akamwambia ana ugonjwa wa sukari. Akapewa vidonge na onyo. Mimi nikarudi nyumbani nikachukua mkebe wa sukari nikaupeleka kwa mama yangu siku hiyo hiyo. Nikamwambia, "Kuanzia leo, sukari katika nyumba hii ni mimi."

Akacheka. Nilidhani amekubali.

Sasa, kulikuwa na mzungu mmoja anaitwa Kirsti, nesi kutoka Finland, alikuwa na watu waliokuwa wakichimba visima upande wa Merti. Akija mjini alikuwa anapenda kula kwangu. Siku moja nikamlilia shida ya Shuriye. Safari iliyofuata akaniletea mfuko mweupe, kilo tatu nzima.

"Hii inatoka kwa mti," akasema. "Huko kwetu watu wenye ugonjwa huu wanaitumia. Kidogo kidogo tu. Ukizidisha, tumbo litalalamika."

Kwa mfuko kulikuwa na maandishi ya kwao, neno refu linaanza na K. Nilionja. Wallahi ni sukari kabisa! Ila ulimi unapoa kidogo, kama umevuta hewa ya asubuhi.

Na mjue wakati huo sukari ilikuwa imeadimika Isiolo. Dukani unaambiwa njoo kesho, kesho unaambiwa njoo kesho. Watu wanakunywa chai kavu, mimi nina kilo tatu! Nilitembea shingo juu, siwadanganyi.

Kila asubuhi namtilia Shuriye kwa chai. Namwuliza, "Vipi?"

"Tamu, mama. Tamu kuliko ile ya kwanza."

Mimi naye! Nikavimba kichwa.

Jirani yetu alikuwa mjane Mturkana, Elizabeth Akuam. Sisi tulimwita Mama Akuam. Alikuwa na mbuzi kumi na mmoja na mbwa mmoja, na huyo mbwa alikuwa ndiye mwanamume wa boma lake. Fisi walimjua kwa jina.

Jina lenyewe lilikuwa Sajini.

Jamani, baba mkwe wangu marehemu alikuwa sajini wa Keya, jeshi la Mwingereza, amepigana Burma, ana medali. Halafu jioni unasikia ng'ambo ya ua, "Sajini! Wacha kula kinyesi!" Ungejisikiaje?

Tena mimi ni Mwislamu. Mate ya mbwa yakigusa nguo, nafua upya. Na Sajini alikuwa anapenda kamba yangu ya nguo kuliko kitu kingine duniani.

Kwa hiyo siku moja pale bomba la maji, mbele ya wanawake wote, nikasema kwa sauti, "Huyu mbwa iko siku nitamlisha kitu, tupumzike!"

Maneno ya hasira tu. Lakini wanawake wa bomba hawasahau.

Wiki mbili baadaye nikaoka keki. Keki ya sufuria, makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Nilimwaga ile sukari ya mti bila kupima, vikombe viwili karibu vitatu. Haikupiga rangi vizuri, ikatoka imepauka kama mgonjwa, lakini utamu ulikuwa wa harusi. Asubuhi nikamfungia Shuriye keki nzima kwa gazeti.

"Kula yote njiani," nikamwambia. "Hii haina shida kwako."

"Nitamaliza kabla ya Kinna," akasema, akaondoka saa mbili.

Saa tatu nikasikia mayowe.

"Deqa! Deqa! Toka nje!"

Natoka, namkuta Mama Akuam kwa lango langu, kitambaa cha kichwa kimeanguka, mkononi ana gazeti lenye makombo.

"Umeua mbwa yangu!"

"Mimi?"

"Ni nani mwingine anapika keki hapa? Amekula, saa hiyo akaanza kutapika. Saa hii hawezi kusimama, anatetemeka! Nimekukosea nini?"

Watu wakajaa. Mmoja wa wale wa bomba akasema, wala hakunong'ona, "Si alisema atamlisha kitu?"

Nikaangalia ng'ambo ya ua. Sajini alikuwa amelala ubavu, miguu inapiga piga vumbi, macho hayaoni mtu. Mbwa mkubwa vile, amekuwa kitambaa.

Nikataka kujitetea. Nikafungua mdomo. Ndipo akili ikanifikia.

Hiyo keki si ya mbwa. Hiyo keki ni ya Shuriye.

Mbwa amekula makombo tu yuko hivi. Shuriye amekula yote iliyobaki!

Nilikimbia. Nyuma yangu wakapiga kelele, "Anatoroka! Muuaji anatoroka!" Waacheni waseme. Mimi nilikuwa namwona bwana yangu amelala kando ya barabara ya Kinna, lori linanguruma peke yake, na kosa ni mkono wangu. Nilikuwa na miaka ishirini na tano. Sikuwa najua hata namna ya kuwa bila yeye.

Nikapitia gereji ya Arero niombe gari la kumfuata. Na hapo mlangoni ndipo nikaliona lori. Gurudumu limetolewa. Miguu miwili inatokeza chini.

Na mluzi.

"Shuriye!"

Akatoka, mafuta mpaka kwa nyusi. "Mama, kuna nini? Mbona uko hivyo?"

"Umekula keki?"

"Nimekula."

"Yote?"

"Yote! Tamu sana. Wallahi mkono wako…"

"Basi utakufa!" Nikaangua kilio pale pale, nikamshika shati. "Ina sumu! Mbwa wa Mama Akuam amekula kidogo anakufa! Twende hospitali, Shuriye, twende sasa hivi!"

Arero akaweka spana chini.

Shuriye akanitazama. Nikaona uso wake unabadilika, lakini si uso wa mtu anayekufa. Ni uso wa mtu aliyeshikwa.

"Deqa," akasema polepole. "Sikukula."

"Nini?"

"Hata kipande. Nilimpa Sajini. Keki yote."

Arero akajifanya anatafuta kitu kwa boksi la vyuma.

Ningempiga. Lakini nilimkumbatia kwanza, na mafuta yake yakanipaka mpaka shavuni. Halafu ndipo nikampiga.

Tukarudi mbio. Umati umeongezeka. Shuriye akapita katikati yao, akapiga magoti karibu na Sajini, mtu mzima, Mwislamu, mwana wa sajini wa Keya.

"Msimguse mke wangu," akasema. "Keki nimempa mimi. Deqa hakujua."

Mama Akuam akaliangusha lile gazeti.

Shuriye akaendelea kumtazama mbwa. "Huyu anatetemeka kama mimi Ramadhani ile. Mnakumbuka? Nilimeza vidonge bila kula, nikaanguka. Sukari ilikuwa imeisha mwilini. Nesi alininywesha soda nikaamka." Akainua kichwa. "Leteni sukari! Na mtu aende kwarantini ya mifugo amwite Dima!"

Dima alikuwa daktari wa mifugo. Kijana mmoja akaondoka na baiskeli.

Lakini sukari? Watu wakatazamana. Sukari gani? Mji mzima hauna. Nyumbani kwangu kuna ile ya mti tu, na sasa ningeimwaga chooni kama ningekuwa na nafasi.

"Iko," akasema Mama Akuam.

Akaingia nyumbani kwake, akatoka na mkebe. Akaufungua. Sukari ya kweli, zaidi ya nusu mkebe.

"Umetoa wapi?" mtu akamwuliza.

"Si ni ya Deqa," akasema, tena kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Ananitumia kila wiki. Bwana yake ndiye analeta. Mji hauna sukari, huyu msichana ananikumbuka mimi mjane."

Deqa gani? Mimi?

Nikamgeukia Shuriye. Alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu.

Ndipo nikaelewa kila kitu. Zile jioni za "naenda kusikiliza injini kidogo." Zile chai nilizokuwa namtilia asubuhi na vile majani kando ya mlango wetu yalivyokuwa yanalowa. Alikuwa anakunywa chai yake ya vijiko vitano kwa Mama Akuam! Kwa jina langu!

Watu wote wananitazama. Ningesema ukweli, ningemvua nguo bwana yangu hadharani. Na mbwa alikuwa anakufa.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni yangu. Korogeni haraka."

Tukakoroga na maji, tukampaka Sajini kwa ufizi, kidogo kidogo asipaliwe. Mimi ndiye niliyeshika kichwa chake. Ndiyo, mimi na nguo zangu safi! Mate yakanijaa mkononi, na nilikuwa naomba Mungu.

Baada ya muda ulimi ukasogea. Ukaramba. Halafu ukaramba tena, na jicho moja likanitazama.

Mama Akuam akakaa chini akalia kwa sauti. Na mimi nikalia.

Dima akafika na chupa ya maji ya sukari ya mshipa, akamtundikia kwa tawi la mgunga. Akasema tuendelee kumpa uji mtamu siku nzima, na akakaa naye mpaka adhuhuri. "Sijui keki yako ina nini, dada," akaniambia, "lakini mbwa asiionje tena maisha yake."

Jioni nikamkalisha Shuriye.

"Miezi minne unanidanganya."

"Ulikuwa na furaha sana na mfuko wako," akasema. "Nitakuambiaje? Siku za kwanza niliinywa. Ile kitu ilinipeleka mbio, Deqa. Barabara ya Biliqo hakuna kichaka hakinijui."

Nilijaribu kununa. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Tukakubaliana chai isiyo na sukari yoyote, yeye na mimi, kikombe kimoja kimoja. Uchungu! Lakini leo ana miaka sabini na nane.

Jumamosi iliyofuata nikapeleka kilo ya sukari kwa Mama Akuam kwa mkono wangu mwenyewe. Nilitaka kumwambia ukweli.

"Mama, ile sukari…"

"Najua haikuwa yako," akasema.

Ile kilo ilikuwa bado mkononi mwangu.

"Mtu ananitumia sukari miezi minne, na tukikutana bomba hata habari hanipi? Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Sasa kwa nini ulisema vile mbele ya watu?"

Akapokea ile kilo, akaiweka chini. "Nilikuwa nimekuharibia jina, msichana wangu. Sikuwa na kitu kingine cha kukurudishia. Keti, maji yanachemka."

Nikaketi. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia kwake, na tulikuwa tumepakana miaka mitano.

Juzi juzi mjukuu wangu Batula, anasomea udaktari wa wanyama, ndiye alinisomea kwa simu neno la ule mfuko. Kwao Finland wanaandika ksylitoli, Kiingereza ni xylitol. Anasema mtu hana taabu nayo sana, lakini mwili wa mbwa unadanganyika, unamwaga insulini nyingi kwa mkupuo mmoja, sukari ya damu inaanguka. Hata ini linaweza kuharibika. Sajini alikuwa na bahati.

Kwa hiyo nyinyi mnaofuga mbwa, someni maandishi ya chingamu, ya biskuti zisizo na sukari, ya dawa ya meno, hata siagi ya karanga. Mkiona neno hilo, wekeni juu kabisa, na mbwa akila mpelekeni kwa daktari bila kungoja dalili.

Na jirani yako msalimie, hata kama hupendi mbwa wake. Mimi nilichelewa miaka mitano, na yeye ndiye aliyenisafishia jina.