Weupe wa Vitambaa vya Jirani

Nyie vijana mtakaosoma haya, msinitafutie utakatifu. Shule niliishia darasa la nne. Lakini kufua nakujua, na wivu naujua zaidi, kwa sababu nimekaa nao ndani miaka mingi kuliko nilivyokaa na mume.

Miaka ile sabuni ilipoadimika, mimi ndiye nilikuwa nafua vitambaa vya madhabahu ya kanisa letu Bunda, mtaa wa Nyasura. Dukani ilikuwa rafu tupu na foleni ya watu wasiojua wanapangia nini. Nilichemsha mafuta ya ng'ombe na maji ya majivu, nikapata sabuni yangu, nyeusi, ngumu kama kwato. Haikuyeyuka upesi. Kwa hiyo asubuhi niliikwangua ndani ya beseni la maji, nikaliweka juani mpaka saa sita, maji yakapata moto bila kula kuni. Ndipo nilipofua. Jumapili nilikuwa navitazama vile vitambaa kuliko nilivyomtazama mchungaji. Vilikuwa kazi yangu, na kila mwanamke alijua.

Kisha ikaja enzi ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Bidhaa zikamiminika kutoka mpakani Sirari, na sabuni ya unga nayo ikaja. Jirani yangu, mke wa fundi cherehani, akaanza kuinunua. Shuka zake zikawa nyeupe mpaka zinachoma macho, weupe wenye kama ubluu ndani yake. Nilichungulia kwenye ua wa minyaa nione anafanyaje. Anakoroga unga barazani, kivulini, anatumbukiza nguo papo hapo. Nikajisemea, mvivu huyu, hata maji hangoji yapate moto.

Nikaenda sokoni. "Nipe ileile anayonunuaga mke wa fundi."

"Ni hiyohiyo, mama. Hakuna nyingine."

Karibu na Pasaka wazee wa kanisa, ambao nao walikuwa wameziona shuka zake, wakatugawia: yeye kitambaa kimoja, mimi kimoja. Atakayeshinda anaachiwa kazi. Nikakoroga unga wangu kwenye beseni, nikaliweka juani tangu asubuhi, kama nilivyozoea. Mchana nikaingiza kitambaa, nikasugua mpaka vidole vikachubuka.

Vikatandikwa pamoja. Changu kilikuwa safi, doa hakuna. Lakini kilikaa kama maziwa yaliyolala, na chake kiliwaka.

"Dada," akaniambia mbele ya wanawake wote, "wewe unasuguaga kama unamchuna mbuzi. Kitambaa nacho kinataka kubembelezwa."

Wakacheka. Mzee wa kanisa akasema, "Basi mama, wewe upumzike sasa." Nilikuwa sijaomba kupumzika.

Siku hiyo sikula. Nilimwambia mume wangu kuna kitu anatia, si bure. Akaniambia niache maneno ya kishirikina. Sikuacha. Tangu hapo nilimsalimia yule mama kwa nusu mdomo, na kila Jumapili nilikaa benchi la nyuma nisivione vile vitambaa. Nilianza hata kuwa nafua usiku, kwa maji yaleyale yaliyoshinda juani, nikidhani jicho lake linaniharibia. Mikono yangu niliidharau.

Sasa nakaa Kiabakari kwa mwanangu. Juzi mjukuu wangu, anayefundisha kemia Musoma, alikuja kututazama. Nikamsimulia. Akaniuliza, "Bibi, beseni ulikuwa unaliwekaga wapi?"

"Juani. Ulitaka niliweke kitandani?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema ndani ya sabuni ile mna chembe ndogo mno, ndefu, zilizonyooka na bapa kama rula. Zinajilaza kwenye uzi wa pamba, zinameza mwanga wa jua ambao jicho letu halioni, zinautoa tena ukiwa wa bluu. Ule ubluu ndio unaofunika umanjano wa nguo. Lakini chembe zikikaa majini juani kabla ya kuingia kwenye nguo, zinapinda katikati kama kiwiko. Iliyopinda haishiki vizuri kwenye uzi, wala haiwaki. Nguvu ya mwanga iliyoimeza inaishia kwenye kujitikisa tu.

"Hata kioo cha simu hii," akasema, "kina chembe za jamaa hiyo. Wanaozitengeneza wanahangaika na umbo lake, wanazibana zisijikunje. Umbo likiharibika, mwanga unafifia."

"Kwa hiyo mimi nilizipindisha mwenyewe?"

"Kila asubuhi, Bibi."

Kumbe hakunishinda mikono. Alinishinda kivuli, tena bila kujua. Na yule mama yu hai, bado yuko Nyasura, na wanakwaya bado wanamsifu kwa mikono ya dhahabu.

Nikaita watu wote wa nyumba, mwanangu, mkewe na huyo mwalimu, nikawaambia: "Kesho asubuhi mmoja wenu apande gari mpaka Bunda. Amsalimie yule mama vizuri, akae, anywe chai yake, halafu amweleze habari ya kiwiko yote, neno kwa neno. Na asirudi hapa mpaka yule mama aseme kwa mdomo wake kwamba ilikuwa kivuli."