Mshangao Niliompa Baba

Mpaka leo sipendi alama ya mshangao. Wajukuu wangu huitumia ovyo kwenye barua zao, tatu tatu kwa mkupuo, nami huwakemea mpaka wananiona bibi wa maudhi. Sijawahi kuwaeleza sababu. Sababu yenyewe ni mchezo wa chesi niliocheza na baba yangu kwa barua, katikati ya miaka ya hamsini, yeye akiwa amelazwa hospitali ya Nakuru nami niko nyumbani Molo, msichana wa miaka kumi na minne.

Baba alikuwa karani wa ghala la viazi karibu na stesheni. Chesi alijifunza jeshini wakati wa vita, kutoka kwa karani mwenzake Mhindi, ambaye walipoagana alimwachia kijitabu cha michezo ya mabingwa. Kilikuwa kimeandikwa kwa lugha ambayo hata baba hakuijua, lakini alisema hakihitaji lugha. Kila mraba wa ubao una herufi na namba yake, na kando ya hatua iliyochezwa kuna alama. Mshangao maana yake hatua nzuri. Alama ya kuuliza, hatua mbaya. Mishangao miwili ni hatua ambayo mtu huicheza mara moja maishani, na alama mbili za kuuliza ni kwamba umejimaliza mwenyewe. Kulikuwa pia na zile za kuchanganya, mshangao na kuuliza pamoja, ambazo baba alizidharau kabisa. Alisema ni za watu wanaoogopa kusema wanachofikiri.

Sisi wawili tulikuwa na sheria yetu: alama ya hatua yako anaiweka mwenzako. Nilipokuwa na miaka kumi nilijipa mshangao kwa siri kwenye daftari letu. Baba aliukuta, akaufuta kwa raba, akaniuliza kwa upole kama nilikuwa na njaa ya sifa kiasi hicho. Nilinuna siku mbili. Aliniita Mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake, na siku hizo mbili aliniita Mama mara nyingi kuliko kawaida, ila mshangao hakuurudisha.

Tumbo lilianza kumsumbua wakati wa mvua ndefu. Akakonda mpaka kola ya shati ikamzidi, wakamlaza Nakuru. Watoto hawakuruhusiwa wodini, na siku hizo za Hali ya Hatari kusafiri kulitaka kibali. Mama alipata cha kwenda kumwona mara moja kila wiki mbili. Mimi nilibaki na wadogo zangu na ng'ombe mmoja mkorofi. Ndipo baba akanitumia salamu kupitia kwa dereva wa lori la ghala: nipange ubao, nichukue weupe, nianze. Hatua moja kwa kila barua, pamoja na alama ya hatua ya mwenzako. Kila Jumanne dereva alichukua karatasi yangu, na kila Ijumaa jioni aliniletea ya baba.

Ubao niliuweka juu ya kabati la vyombo, nikatangaza kwamba atakayeugusa tutaonana. Baba naye alikuwa amejikatia vipande vya kadibodi kule wodini. Barua zake zilikuwa fupi: hatua yake, alama ya hatua yangu, na sentensi moja au mbili. "Huyo farasi umemtoa mapema. Uji wa hapa hauna sukari." Hatua yangu ya sita aliipa mshangao, nami nikaibeba ile karatasi mfukoni mwa sare ya shule mpaka ikachanika mikunjo.

Jumapili moja mama alirudi kutoka Nakuru akaniita jikoni tumenye viazi. Daktari alikuwa amemweleza, dresa, yule msaidizi wa wodini, akitafsiri, kwamba ni uvimbe, umeshika ini, na hakuna cha kukata. Alinieleza bila kuinua kichwa wala kuacha kumenya. Kisha akaniapisha. Kwetu mgonjwa hakuambiwa kwamba anakufa. Kumwambia ilikuwa kama kumsukuma. Dresa alikubali hivyo, wazee wa kanisa walikubali hivyo, na baba alikuwa ameshaambiwa ni vidonda vya tumbo tu, atatoka kabla ya kupanda.

Ijumaa iliyofuata barua ilifika. Hatua ya kumi na moja. Baba alikuwa amemweka malkia wake mahali ambapo farasi wangu angemla bure. Nilisimama mbele ya kabati nikitafuta mtego, kwa sababu baba alikuwa mtu wa mitego, na mtego haukuwepo. Mwandiko nao ulikuwa unateremka kuelekea pembeni mwa karatasi. Haki ya hatua ile ilikuwa alama mbili za kuuliza, na mimi sikuweza kuziandika.

Nilimwonyesha mama. Hakujua chesi, aliiita mbao zenu, lakini alikuwa ameniona nikirukaruka na ile barua ya hatua ya sita.

"Muwekee ile ya kijiti na nukta," akasema. "Ile ilikufurahisha wewe. Sasa mgonjwa tutampa nini kingine?"

Nikaiweka. Na malkia sikumla. Nikasogeza askari wa pembeni kana kwamba sikuona kitu. Uongo mara mbili kwenye karatasi moja, na nilijiona mtoto mwema.

Ijumaa jibu likaja, refu kuliko yote. "Mama, malkia wangu yuko wazi na wewe umemwona. Hujawahi kunidanganya kwenye mchezo. Nadhani daktari amezungumza na mama yako. Kama si hivyo, acha alama yako ilivyo. Kama ni hivyo, niwekee ninayostahili."

Nilikasirika. Nilimkasirikia mama, nikamkasirikia dresa ambaye sijawahi kumwona, na zaidi ya wote nikamkasirikia baba kwa kuniuliza mimi wakati kulikuwa na watu wazima tele. Siku nne nilizunguka na barua ile. Mama nisingeweza kumwonyesha, maana angejua kwamba siri imevuja kupitia kwangu. Jumanne asubuhi nikaandika namba ya hatua na alama mbili za kuuliza kando yake. Salamu sikuweka, kwa kuwa sikuona ni salamu gani ingefaa.

Dereva aliigeuza karatasi huku na huku. "Leo imekuwa fupi hivi, kwani mmekosana na mzee?" Nikamwambia hatujakosana.

Baba alijibu hivi: "Asante. Hiyo ndiyo alama. Sasa mle malkia tuendelee. Mama yako usimwambie kwamba najua. Anajikaza sana asilie mbele yangu, na akijua hataweza tena."

Nikamla malkia. Tulicheza hatua tatu zaidi, na moja yake ilikuwa nzuri kweli, nikaipa mshangao wa halali. Katika wiki hizo mama alikwenda Nakuru mara mbili. Ijumaa ya nne dereva alikuja bila karatasi, akanipita mlangoni bila kunisemesha, akaingia ndani kumtafuta mama.

Kwenye matanga mama aliwaambia waombolezaji kwamba tulifanikiwa, mzee ameondoka bila kujua, hata mara ya mwisho alikuwa akimuuliza watapanda lini shamba la chini. Wote wakasema ni neema. Mimi nilikuwa nikigawa chai. Nilimjua baba, nilijua aliuliza habari za shamba ili mama apate cha kujibu. Walikaa pale kitandani, mume na mke wa miaka mingi, kila mmoja anajua, kila mmoja anamkinga mwenzake, wakaongea mbegu.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alipougua mwisho, nilikuwa nikimpaka mafuta miguuni, akaniambia, "Mimi usinifiche kitu. Baba yako tulimficha vizuri, lakini sikuagana naye. Nilikuwa na maneno yangu nilitaka kumwambia, nikayameza nisimshtue." Akaniangalia. "Lakini hakujua, sivyo?"

Sentensi moja tu, kwamba baba anajua, ingetosha katika zile wiki zao za mwisho, na nilikuwa nayo. Sasa haikuwa na mtu wa kumfaa. Nikaendelea kumpaka mafuta, nikamwambia, "Ndiyo, mama. Hakujua."