Vidole vya Bi Mize

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya usajili pale Wete nilirudi nyumbani na wino hadi kwenye mtandio. Mama akanitazama akasema, "Umeajiriwa au umekwenda kuvua pweza?" Ndivyo kazi ilivyokuwa, enyi wajukuu mnaodhani kila kitu kimezaliwa na kompyuta. Alama za vidole tulizichukua kwa mkono. Unampaka mtu wino, unamshika kidole, unakizungusha kwenye fomu kutoka ukingo mmoja wa ukucha hadi wa pili. Vidole kumi, kila kimoja na chumba chake.

Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Karani Mkuu wa Masjala, yaani chumba yanamowekwa majalada. Mtu wa Tumbe, sauti yake ya mnada wa samaki. Nikiharibu fomu hanigombezi, ananirudishia tu. "Saada, huyu mtu umemkata kidole," ananambia. "Mrudishe mzima." Nilimchukia miaka miwili. Siku hizi namwombea dua kila Ijumaa.

Nikahamishiwa Mkoani, kisha Chake Chake, na huko ndiko mashine zilikonikuta. Wino hakuna tena. Mtu anaweka kidole juu ya kioo, kikisomeka inawaka taa ya kijani. Raha iliyoje! Lakini kisiwa chetu kina wanawake waliosokota kamba za makumbi ya nazi tangu usichana, na makumbi yanakula ngozi ya kidole. Mashine ikiwakataa. Foleni ndefu, jua kali, nami nikawa nabonyeza "alama hazisomeki" na kumwita anayefuata. Wallahi nilijisifu kwa wepesi wangu.

Nilikuwa nimebakisha miezi michache nistaafu alipoingia Bi Mize wa Mgogoni, msokota kamba, mtu mzima kunishinda mimi. Hakungoja hata tumalize kuamkiana.

"Bi Saada, nimeibiwa."

"Umeibiwa nini, dada yangu?"

"Miye. Nimeibiwa miye mwenyewe."

Jina lake lilikuwa limetoka katika orodha ya safari ya Hija. Alipokwenda kuomba pasi ya kusafiria, akaambiwa mwenye jina na namba hiyo keshachukua pasi zamani. Picha iliyokuwa kwenye kompyuta ni ya mwanamke wa bara, sura ngeni kabisa. Orodha ya mahujaji ingefungwa baada ya siku kumi na nane.

"Wananambia ningoje mwakani," akasema. "Mwakani wa nani, Saada? Nina miaka sabini na mbili."

Nikafungua taarifa zake. Yule mwizi alikwenda katika ofisi ya mbali na nakala ya kivuli ya kitambulisho cha Bi Mize, akadai kadi yake imepotea. Akaambiwa weka vidole, akaweka. Kama vya Bi Mize vingekuwamo, mashine ingempigia kelele pale pale. Lakini mlikuwa mtupu, na huo utupu nimeuacha mimi, kwa mkono wangu, siku ya foleni. Nikamwambia Bi Mize ukweli wote. Akasema, "Basi nirudishe."

Msajili wa Wilaya alikuwa kijana wa tai na maneno machache. "Bi Saada, mfumo haukosei," akanambia.

"Mfumo nimeulisha mimi, mwanangu. Na nimeulisha kiporo."

Akanitazama, akacheka bila kutaka. "Haya. Leta ushahidi, nami natia saini."

Mtu akiibiwa jina hakai barazani akilia. Tulianza kwa sheha, ambaye ndiye serikali ya mtaani. Akaandika barua kuwa anamjua Bi Mize, na wazazi wake aliwajua. Kutoka hapo polisi, tukapewa namba ya taarifa. Kisha mahakamani, akala kiapo. Mimi nikaenda Wete, nikajifungia masjala na mende na vumbi. Siku ya tano nikalitoa jalada lake la zamani, la enzi za wino. Vidole kumi, vimezungushwa ukingo hadi ukingo, na chini saini yangu. Nilipiga kigelegele peke yangu humo ndani, mlinzi akaja mbio kuuliza kama nimeumwa na nyoka.

Lakini karatasi peke yake haitoshi, lazima ilinganishwe na vidole vilivyo hai. Nikamwambia, "Dada, kuanzia leo husokoti kamba, hukuni nazi, hufui. Paka mafuta ya nazi asubuhi na jioni."

"Siku ngapi?"

"Kumi."

"Yakhe, bora wangenifunga!"

Wakwe zake walinisimulia. Aligombana na kila mtu, akamgombeza hata kuku. Lakini kamba hakuigusa.

Siku ya kumi tukakaa mbele ya kioo: Msajili, mtaalamu wa alama wa polisi aliyetoka Unguja, Bi Mize na mimi. Kidole gumba, hapana. Cha shahada, hapana. Nilikuwa nasoma kila aya niijuayo. Mkono wa kulia ukaisha wote. Tukaja wa kushoto, cha pete: kijani! Cha mwisho: kijani! Mtaalamu akainamia fomu yangu ya zamani, akainua kichwa. "Ndiye."

"Imesema nini hiyo mashine?" akauliza Bi Mize.

"Imesema wewe ndiwe."

"Lo! Imechelewa kujua."

Msajili akatia saini akiwa amesimama. Pasi ya uongo ikafutwa, ya kweli ikatoka, na ikabaki siku moja orodha ifungwe. Yule mwizi naye alituachia vidole vyake kumi, safi kabisa, kwa hiyo kumkamata haikuwa tabu.

Kile kivuli kilitokea wapi? Bi Mize alitoa nakala dukani, ikatoka nyeusi, akaiacha pale pale. Na karatasi mbovu za duka lile zikifungiwa njugu, zikitoka na kila mnunuzi. Basi nakala mbovu ichaneni wenyewe. Na kila baada ya miezi michache hakikini laini za simu zilizosajiliwa kwa namba zenu. Mkikuta msiyoijua, msione haya kupiga kelele.

Nilistaafu mwaka ule ule. Kabla sijaondoka niliwaita wote niliowaandika "hazisomeki", shehia kwa shehia, na mafuta ya nazi juu ya meza. Hiyo ndiyo kazi ninayojivunia kuliko cheti walichonipa.

Bi Mize aliporudi kutoka Makka alikuja kwangu Pujini, kanzu nyeupe, uso unang'aa, akanipa tende na chupa ya zamzam.

"Nimekuombea kule," akasema. "Nimekutaja kwa jina lako, na la baba yako, na la babu yako, na shehia unayokaa. Nimeogopa isije dua ikachukuliwa na mwengine."