Mkungu wa Ndizi wa Mama Lusajo

Siku moja hainitoki akilini, mwanangu, siku ukungu ulipoingia uwanjani Tukuyu tukiwa tunaongoza bao moja kwa bila. Nakuita mwanangu ingawa mvi bado sina. Wewe ni mtoto wa kaka yangu, na kwetu mtoto wa kaka ni wako. Unakwenda chuo cha ualimu na viatu vyako vya mpira begani, na mimi tangu juzi silali vizuri. Naandika, nafuta, naandika tena, nikiogopa nitasahau neno ambalo ungelihitaji. Ndivyo nilivyo. Nivumilie.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Mitumba ilikuwa imejaa sokoni, na sisi wanachuo wa ualimu tulivaa viatu vya mpira vilivyochezewa kwanza na Wazungu. Nilikuwa nahodha, na kwa kuwa hatukuwa na kocha, nilikuwa kocha pia. Hakuna aliyenifundisha ukocha. Nilipata kijitabu cha sheria za mpira kilichochanika jalada, nikakisoma mpaka wenzangu wakaniita Kifungu, kwa maana kila ubishi nilitaja kifungu. Nilijivunia jina hilo. Sasa nikilikumbuka naona aibu kidogo.

Mashindano ya vyuo vya kanda yalifanyikia kwetu mwaka huo. Mchezo wa mwisho ulikuwa kati yetu na chuo kimoja cha mjini Mbeya. Bao letu lilifungwa na Lusajo, kijana wa Kawetele, mtoto wa mchuma chai. Basi ukungu ukashuka, kama unavyoujua, mpaka kipa wetu akawa anaita, "Mpira uko wapi jamani?" Mwamuzi akapuliza filimbi, mchezo ukaishia hapo.

Sasa nani wa kwanza? Kamati ikasema itapanga nafasi kwa busara. Busara! Mwanangu, wale wazee walikuwa wamekaa chini ya turubai upande wa pili wa uwanja, wakinywa chai. Hata bao hawakuliona. Mmoja alimuuliza mwenzake mbele yangu, "Hivi wenye jezi za kijani ni wa wapi?" Ndio waliokwenda kupanga nani bora kuliko nani.

Na haikuwa heshima tupu. Wachezaji wa timu iliyoshika nafasi ya kwanza ndio waliokuwa wakichaguliwa kwenda kusomea ualimu wa michezo. Lusajo alikuwa dhaifu kwenye hesabu, lakini akimshika mtoto kumfundisha kupiga mpira, mtoto alielewa. Hakuwa na mlango mwingine.

Tukakusanyika ukumbini. Kabla ya kutaja nafasi, mwenyekiti wa kamati alimwita Lusajo asimame awasalimu watu, kwa kuwa ndiye aliyefunga mabao mengi. Lusajo akafanya kama alivyolelewa. Kwetu zawadi haifichwi. Ukipewa kitu, unakitaja mbele za watu ili aliyetoa aheshimike, na anayenyamaza anaonekana mwizi wa fadhila. Akasema, "Nawashukuru wenzangu, na nawashukuru watu wa kiwanda cha chai. Wakati wa likizo nilichezea timu yao, tukashinda, wakampelekea mama yangu mkungu wa ndizi. Ndaga fijo, asanteni sana."

Watu wakapiga makofi. Kamati wakaanza kunong'onezana.

Walipomaliza kunong'ona, mwenyekiti akasoma: chuo cha Mbeya cha kwanza, sisi wa pili. Na Lusajo, akasema, si mchezaji wa ridhaa tena, kwa kuwa amekiri kupokea malipo kwa kucheza. Hataruhusiwa kuchezea chuo mpaka atakapomaliza masomo. Mwenye rufaa aje kesho asubuhi.

Malipo! Mkungu wa ndizi, Rungwe! Huku ukipita njiani na mikono mitupu watu wanakuonea huruma, wanakukatia mkungu.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba timu ya Mbeya ilikuwa na mchezaji tuliyemwita Babu, kwa kuwa alionekana kuwazidi hata baadhi ya wakufunzi umri. Wiki hiyohiyo nilimwona pale Msasani, hapahapa Tukuyu, akiwa juu ya lori, utingo kamili, anashusha magunia ya mfanyabiashara yuleyule aliyewanunulia jezi. Yule bwana alikuwa akimtunza ili aichezee timu. Babu aliniona, nami nikamcheka. Kwa hiyo nilikuwa na silaha. Wanasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Nikaapa kesho nitaugeuza ukate nyuma.

Jioni nikaenda Kawetele kumpa pole mama yake Lusajo. Nilimkuta anamenya ndizi, Lusajo anachochea moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, Ambakisye. Haya, niambie wewe msomi, nimwulize anayeniletea ndizi mlangoni kama ni zawadi au mshahara?"

"Mama, wale watu hawana akili."

"Wanazo. Wamezisahau nyumbani kwao." Akatupa ganda. "Ningejua mwanangu analipwa ningedai na mbuzi."

Lusajo akacheka kwa mara ya kwanza tangu tutoke ukumbini. Nami nikaona ndio wakati wa kueleza mpango wangu. Nikamweleza habari za Babu na lori, na jinsi nitakavyomtaja. Watamwondoa, Mbeya itashushwa, sisi tutapanda.

Mama akaacha kumenya. "Na mwanangu atarudi kucheza?"

"Hapana, mama. Ila chuo kitakuwa cha kwanza."

"Kwa hiyo ukienda pale kesho unataka nini? Lusajo arudi, au wewe uwe wa kwanza?"

Nilifungua mdomo nikatafuta kifungu. Sikukipata.

"Umekuja kunipa pole," akasema, "kumbe unatafuta mama mwingine wa kumliza. Kanuni imemuuma mwanangu, nawe unataka kuishika mkia uipeleke kwa jirani. Mkuki kwa nguruwe, eti? Kula ndizi uende."

Sijawahi kula ndizi ngumu kumeza kama zile, mwanangu, na zilikuwa zimeiva vizuri.

Asubuhi nilisimama mbele ya kamati. Babu alikuwa nyuma ya ukumbi, anatazama miguu yake. Nikasema kanuni inakataza mchezaji kulipwa, na Lusajo hakulipwa. Zawadi ilikwenda kwa mama yake, kwa desturi ya hapa, baada ya mchezo, bila ahadi yoyote.

"Ndizi alikula nani?" mjumbe mmoja akauliza.

"Nyumba nzima."

"Basi ni familia ya kulipwa!" Wakacheka, wakagongana viganja. Nilitaka kulia.

Nikawaambia kanuni nzuri huuliza kwanza nani amenunuliwa na nani anatoa shukrani. Isiyoweza kutofautisha hayo mawili itawaadhibu wakweli tu, kwa kuwa mwongo hasimami ukumbini kushukuru. Mwenyekiti akanitazama juu ya miwani. "Kanuni ni kanuni, kijana. Una lalamiko jingine juu ya mchezaji yeyote?"

Nafasi ya kwanza ilikuwa kwenye ulimi wangu.

"Sina," nikasema.

Rufaa ikakataliwa. Nje, Babu alinikimbilia. "Kaka, nilijua leo nakwenda na maji. Mbona hukunitaja?"

"Ningekutaja, Lusajo angerudi?"

Akatikisa kichwa. "Wadogo zangu wanasoma kwa lile lori," akasema, kisha akaondoka bila kuaga.

Usidhani niliondoka nikiwa na amani. Nilipiga teke ndoo ya watu. Lusajo hakwenda kusomea michezo. Leo ni mwalimu wa darasa la pili pale Ibighi, anafundisha hesabu, somo lilelile lililomtesa, na mpira anawafundisha watoto baada ya vipindi, bila cheti wala nyongeza. Kila nikimwona nakasirika upya. Hasira ni hasara, wanasema, lakini hii sijapata pa kuiweka.

Basi sikiliza, mwanangu. Utapangiwa nafasi na watu ambao hawakukuona ukicheza. Cheza, lakini usiwakabidhi moyo wako waupange pia. Ukionewa na kanuni, pigana na kanuni yenyewe, kwa sauti na kwa jina lako, hata wakikucheka. Usiitafutie mtu mwingine wa kumuuma ili upone wewe. Na ukija kukaa chini ya turubai, maana vijana wa leo ndio kamati ya kesho, simama uende uwanjani ukatazame. Muulize mtu alipewa nini, na kwa nini, kabla hujamfungia mlango ambao hana mwingine.

Ukipewa zawadi, shukuru hadharani kama ulivyolelewa. Sitakufundisha kuificha, hata kama kuificha kungekufaa.

Nenda, mwanangu. Mungu ailinde miguu yako na ulimi wako, akupe wenzako wakweli, na siku ukikosa haki akukoseshe chuki pia. Kyala akusaje, Mungu akubariki.